SOMO LA WIKI: Kufika wa Kwanza Bila Ujumbe

Andiko: 2 Samweli 18:19–33, Mwanzo 33:12–14

Wiki hii naongea na wewe ambaye kazini unajulikana kama mtu wa chap chap. Tatizo likiletwa mezani, umeshaona jibu kabla bosi hajamaliza kueleza. Wenzako bado wanatafuta kalamu. Jioni ukiwa kwa matatu unamuuliza Mungu, "Kwa nini uliniweka na hawa watu?"

Naijua hiyo hali. Nimeiishi.

Kabla sijaingia kwenye huduma, nikiwa nimetoka tu chuo na digrii yangu ya biashara, niliajiriwa na ofisi moja ndogo ya mikopo huko Kawangware. Wateja wetu wengi walikuwa vikundi vya akina mama wa Kibera: wauza mitumba wa Toi, wauza samaki wa Gatwekera, mama mboga wa Laini Saba. Kwa kikundi kila mtu ni mdhamini wa mwenzake; mmoja asipolipa, wote wanabeba. Malipo yaliingia kwa M-Pesa. Shida ni kwamba watu walikosea kuandika namba ya akaunti, na pesa ikafika bila kujulikana ni ya nani.

Kuzipanga hizo pesa ilikuwa kazi ya mama mmoja wa makamo tuliyemwita Anti. Alikuwa na daftari kubwa, kalamu mbili na simu. Kila mwisho wa mwezi alichukua siku tatu nzima akipigia watu mmoja mmoja, akiuliza mpaka habari za watoto. Mimi roho ilikuwa inaniuma.

Mwezi mmoja nikaingilia. Nikaweka orodha kwa kompyuta, nikalinganisha namba ya simu iliyotuma pesa na namba ya mteja. Zikilingana, amelipa. Zisipolingana, hajalipa. Dakika 40, kazi imeisha. Bosi akanisifu mbele ya wote. Anti aliniuliza jambo moja tu: "Kijana yangu, umeuliza ni nani anatumia simu ya nani?" Nikacheka. Nikamwambia kompyuta haihitaji hadithi.

Wiki iliyofuata mama mmoja kutoka Kibera aliingia ofisini akilia. Alikuwa amelipa kila shilingi, lakini simu yake iliibwa, akawa anatuma kwa simu ya jirani. Kwa orodha yangu alikuwa mdeni. Wenzake wa kikundi walikuwa wameenda kwake wakachukua cherehani, ndiyo wajifidie. Yeye hushona yunifomu, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Anti akafungua daftari. Huyo mama alikuwa humo, na wengine wengi: huyu hulipa kwa simu ya mwanawe, huyu kwa ya jirani, huyu kwa ya dada yake. Zile siku tatu hazikuwa uzembe. Zilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Cherehani ilirudishwa, lakini shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Huyo mama hakukopa kwetu tena, na simlaumu.

Sasa tumwangalie Ahimaasi. Vita vimeisha, Absalomu amekufa, na Yoabu amemtuma Mkushi kumpelekea Daudi habari. Ahimaasi anaomba naye akimbie. Yoabu anamkataza, yeye anasisitiza, mwishowe anaachiliwa. Anapita njia ya bondeni na kumpita Mkushi. Anafika wa kwanza! Lakini mfalme anamuuliza jambo moja tu: kijana yuko salama? Ahimaasi anajibu kwamba aliona fujo kubwa, hakujua ni nini. Daudi anamwambia asimame kando. Aliyebaki nyuma ndiye aliyekuwa na jibu.

Usinielewe vibaya. Wepesi ni karama, na miguu ya Ahimaasi haikuwa dhambi. Wako watu wanaojificha nyuma ya "haraka haraka haina baraka", na wamesahau kwamba wahenga walisema pia "chelewa chelewa utapata mwana si wako". Karama yako usiizike. Lakini fanya haya matatu.

Kwanza, uliza kabla ya kujibu. Mwambie mwenzako, "Nisaidie, wewe unaona nini ambacho mimi sioni?" Halafu nyamaza usikie.

Pili, mpelekee mwenzako jibu lako yeye kwanza, mkiwa wawili. Ukilitoa mbele ya bosi ili uonekane, umetatua shida ya jina lako, si ya kazi. Na kama kweli ni mvivu, mwambie kwa upendo, uso kwa uso. Usimfanyie kazi yake kimya kimya halafu unung'unike.

Tatu, pima mwendo wako kwa walio dhaifu. Yakobo alikataa kufuata mwendo wa Esau, kwa sababu alikuwa na watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Alijua kwamba kuwakimbiza kwa siku moja tu kungewaua wanyama wake.

Mimi nilimwomba Anti msamaha mbele ya wale wale walionisikia nikicheka. Kisha tukakaa pamoja, yeye akisoma daftari, mimi nikiingiza kwa kompyuta simu za watoto na majirani. Zile siku tatu zikawa asubuhi moja. Wepesi wangu ulikuwa wa maana, lakini ulihitaji ujumbe wa Anti.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni nani kazini kwako unamwona mzito? Umewahi kumuuliza kwa nini anafanya anavyofanya?
2. Je, kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya haraka yako? Wiki hii utamwendea vipi?

Ombi: Baba, asante kwa akili nyepesi uliyonipa. Nipe na masikio. Nisifike mbele yako nikiwa wa kwanza, mikono mitupu. Katika jina la Yesu, amina.