Shika Mkono Dakika Nzima: Mafunzo Niliyopata Masasi na Newala

1. Hakuna anayekuja akisema ana mshtuko wa moyo. Husema chembe ya moyo inambana, au gesi, au amechoka tu, hasa akiwa mama mwenye kisukari. Watafiti waliofanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi, walikuta wagonjwa wengi wa mshtuko wa moyo wakipita mapokezi bila kutambuliwa. Kwa hiyo mtu mzima mwenye maumivu ya chembe ya moyo na kijasho chembamba, kwangu kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kwanza, dawa ya vidonda vya tumbo baadaye.

2. Mashine ya presha isikutoshe. Msimu wa korosho mmoja, Newala, mzee aliletwa kutoka shambani, shati limelowa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kifua."

Niliweka stetoskopu kifuani, vidole kwenye kifundo cha mkono wake. Moyo ulipiga 140 kwa dakika. Mkononi nilihesabu 104. Mapigo yaliyobaki hayakuwa na nguvu ya kufika huko. Tena hayakuwa na mpangilio: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu. Vyumba vya juu vya moyo, yaani atria, vilikuwa vinatetema tu badala ya kusukuma damu. Ndiyo atria fibrileshoni, nayo huzuka mara nyingi juu ya mshtuko wa moyo, hasa kwa wazee. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, utadanganyika.

3. Tafuta kinachoyachochea mapigo: maumivu, oksijeni kidogo, maji mapafuni, potasiamu iliyoshuka. Presha ikiporomoka kwa sababu ya mapigo hayo, umeme wa kurekebisha moyo hausubiri.

4. Hatari ya pili huja kifua kikishapoa. Damu iliyotuama kwenye atria huganda, na donge likienda ubongoni ni kiharusi. Mshtuko wa moyo unadai aspirini na klopidogreli. Atria fibrileshoni inadai warfarini au apiksabani. Zote kwa pamoja kwa muda mrefu, mgonjwa yumo hatarini kutokwa na damu. Utafiti wa AUGUSTUS wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliotumia apiksabani na klopidogreli bila aspirini walitokwa na damu mara chache kuliko waliopewa warfarini au walioongezewa aspirini. Lakini apiksabani ina bei yake, na warfarini hutaka INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ipimwe mara kwa mara, ibaki kati ya 2 na 3. Mtu wa kijijini anayetegemea bodaboda kufika maabara, hilo ni suala la nauli kabla ya kuwa suala la dawa. Kisamvu, ambacho hugongana na warfarini, sikikatazi, maana nikikataza nitadanganywa. Naomba tu kiasi kisibadilikebadilike.

5. Mapigo huweza kurudi sawa njiani kuelekea Mtwara au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Huko watapima, wataona moyo uliotulia, na hakuna atakayejua kilichotokea, ingawa hatari ya kiharusi ingalipo. Tabibu mwenzangu, karatasi ya ECG ya kwanza ipigwe nakala, ibandikwe kwenye barua ya rufaa. Nanyi ndugu wa mgonjwa, msikubali gari liondoke bila hiyo karatasi.