SOMO LA VIKUNDI: MKOPO WA SIMU USIWE MAZOEA

Lengo: Kila mwanachama ajue mkopo wa simu unamgharimu kiasi gani kwa mwaka, na kikundi kijue namna ya kumsaidia anayeshindwa kuacha.

Vifaa: Daftari, kalamu, na maharagwe kama 80.



Zamani aliyetaka kukopa alitembea hadi kwa jirani, akaeleza shida yake, akaulizwa atalipa lini. Njiani alipata nafasi ya kufikiri. Siku hizi mkopo umo mfukoni. M-Shwari ilianza mwaka 2012, Fuliza ikafuata mwaka 2019, na wengi wakapata pesa kwa dakika chache, hata usiku wa manane. Hatusemi mkopo ni mbaya. Mtoto akiugua, unasaidia. Somo hili ni la yule anayekopa kwa sababu tu pesa zipo, kisha anakopa tena kulipa za jana.

MFANO WA KUJADILI

Mama mmoja anauza mboga sokoni. Alikopa shilingi 2,000, akaongeza bidhaa, akalipa vizuri. Ujumbe ukaingia: sasa anaweza kukopa zaidi. Akafurahi. Safari hii akanunua viatu na vyombo. Mauzo yalipopungua, akakopa kwingine ili alipe. Mumewe hajui. Mikutano ya kikundi ameanza kuikwepa, maana mchango hana.

HESABU YA MAHARAGWE

M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Tutumie kiwango hicho. Harage moja ni shilingi 50.

Weka maharagwe 40 mezani: huo ni mkopo wa 2,000. Ada yake ni shilingi 150, yaani maharagwe 3. Yaweke kando. Akikopa tena mwezi wa pili, weka 3 mengine. Endelea hadi miezi 12, kisha hesabu.

Ni maharagwe 36, yaani shilingi 1,800! Karibu sawa na mkopo wenyewe, na bado ile 2,000 anadaiwa. Ada ya mara moja haiumizi sana. Kinachomaliza mtu ni kurudia.

KWA NINI NI VIGUMU KUACHA?

Kwanza, ni rahisi mno kukopa. Pili, kiwango kikiongezwa tunaona kama tumepewa zawadi, kumbe ni deni tu. Tatu, Fuliza hujilipa yenyewe pesa zikiingia: umeuza kuku, ukiangalia simu zimekatwa, unakopa tena upate ya unga. Nne, ni aibu. Deni la siri halina wa kulishauri.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andika madeni yote katika karatasi moja: nani anakudai, kiasi gani, tarehe gani. Usifiche hata la dukani.

2. Usikope kulipa mkopo. Ukishindwa, ongea na anayekudai mapema, mpatane kulipa kidogo kidogo.

3. Weka umbali. Futa programu za mikopo kwenye simu. Fuliza nayo, ukimaliza kulipa, unaweza kujiondoa.

4. Isipokuwa ni ugonjwa au dharura ya kweli, ngoja siku mbili kabla ya kukopa. Mara nyingi hamu huisha.

5. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mume, mke, au mweka hazina. Mwonyeshe ile karatasi kila wiki.

6. Kama pesa zinaishia kwenye kamari au pombe, tafuta mshauri. Hapo deni ni dalili tu.

KAZI YA KIKUNDI

Msimtangaze mwenye deni mkutanoni. Aibu humrudisha kwenye simu. Pia msimlipie deni lote bila mpango, maana anaweza kurudi kule kule. Kama kikundi kinakopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi, 2,000 italipiwa riba ya shilingi 20, na hiyo riba ni yenu wenyewe.

Tena mjue haki zenu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wanaokopesha kwa njia ya simu kumtishia mdaiwa, au kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu yake ili kumwaibisha.

MASWALI

1. Yule mama alipaswa kusimama wapi? Kwa nini hakusimama?
2. Mwezi uliopita ulikopa kwa haja gani? Ingeweza kungoja?
3. Kikundi chetu kifanye nini ili mwenye deni asiogope kuja mkutanoni?

Kazi ya nyumbani: Kila mtu apige hesabu ya ada alizolipa kwa miezi 3. Si lazima kuisoma mbele ya watu, lakini aione kwa macho yake.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuanze kulipa tungali na nguvu.