Uvimbe wa Kuzaliwa Nao wa Pua na Paji la Uso: Utambuzi na Tiba

Baadhi ya watoto huzaliwa na uvimbe katikati ya pua, kati ya nyusi au kwenye paji la uso. Hali hii ni nadra. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 40,000 wanaozaliwa hai. Hata hivyo, uvimbe unaoonekana mdogo juu ya ngozi unaweza kuwa na mzizi unaofika ndani ya fuvu. Kwa hiyo usitobolewe, usikamuliwe wala usikatwe kipande cha kupimwa kabla ya kupigwa picha.

Chanzo

Mwanzoni mwa ukuaji wa mimba, utando mgumu wa ubongo hupenya tundu dogo kwenye sakafu ya fuvu na kukaribia ngozi ya pua. Kwa kawaida utando hurudi nyuma na tundu huziba. Ukishikamana na ngozi, huivuta ndani. Njia ikibaki wazi, tishu za ubongo huweza kutokeza nje.

Aina kuu

Demoidi ni kifuko kilichotandwa ngozi kwa ndani. Ni kigumu, na pengine huwa na kitundu juu ya pua. Unywele unaochomoza humo ni dalili muhimu sana.

Glioma ya pua, licha ya jina lake, si saratani. Ni tishu za ubongo zilizobaki nje ya fuvu. Takriban asilimia 15 huwa bado na kikonyo kinachoelekea ubongoni. Ni ngumu na haibadiliki mtoto anapolia.

Ensefalosele ni laini, hudunda, na huongezeka mtoto anapolia, kwa kuwa ndani yake mna utando, ugiligili na mara nyingi sehemu ya ubongo.

Uchunguzi

Picha ya MRI huonyesha tishu laini na uhusiano wake na ubongo. CT huonyesha mifupa. Kwa mtoto mchanga CT isomwe kwa uangalifu, kwani mifupa ambayo haijakomaa huweza kufanana na tundu. Uvimbe ulio ndani ya pua ya mtoto mchanga usidhaniwe kuwa polipi, kwani polipi ni nadra katika umri huo.

Tiba

Tiba ni upasuaji wa kuondoa uvimbe wote pamoja na mzizi wake. Demoidi ikisazwa, hurudi. Mzizi ukifika ndani ya fuvu, daktari bingwa wa masikio, pua na koo hushirikiana na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kwa ensefalosele, ni lazima pengo la utando lizibwe ili ugiligili usivuje.

Ucheleweshaji huweza kuleta maambukizi, homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo. Mtoto apelekwe hospitali mara moja akitokwa na maji maangavu puani, akipumua kwa shida, akikataa kunyonya, au akiwa na homa na utosi uliovimba.