Hila Katika Soko la Umeme

Bei ikipanda, si kila mara yuko mwenye kosa. Mvua zisiponyesha, maji ya mabwawa hupungua, umeme huwa haba, na bei hupanda kwa haki. Lakini iko bei ipandayo kwa hila, nayo ndiyo tutakayo kuieleza wasomaji wetu kwa mfano wa California, nchini Marekani.

Mwaka 1998 jimbo hilo lilifungua soko la kuuza na kununua umeme siku kwa siku, hata saa kwa saa. Sasa, umeme si mahindi. Mahindi yakifichwa ghalani, watu waweza kula mihogo; bali umeme wa siku zile haukuwa na ghala la kutosha, ilipasa uzalishwe saa ile ile ya kutumiwa. Basi mtambo mmoja ukizimwa saa ya haja, bei ya jimbo zima yaweza kutikisika.

Wafanya biashara wa kampuni ya Enron walilitambua jambo hilo. Ulipowekwa ukomo wa bei ndani ya California, walinunua umeme humo, wakautoa nje kwa maandishi, kisha wakaurudisha kama umeme wa kigeni usiobanwa na ukomo. Mara nyingine walilipwa kwa kupunguza msongamano katika njia za umeme, wala hapakuwa na umeme uliosafiri. Tena hila hizi walizipa majina ya mzaha! Simu zilizorekodiwa Januari 2001, siku ambazo taa za California zilizimwa kwa zamu, zilimnasa mmoja wao akiwataka watu wa mtambo wa Las Vegas wabuni sababu ya kuuzima.

Sheria ya Shirikisho haikuwa na kifungu cha wazi cha kukataza hila za namna hii. Kilitungwa mwaka 2005, karibu miaka minne baada ya Enron kufilisika. Kilikataza ulaghai katika biashara ya umeme, na faini ikawekwa ya hadi dola milioni moja kwa kila siku ya kosa. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2011, ulikataza kutoa ishara za uongo juu ya wingi wa nishati, mahitaji au bei; hata kujaribu tu ni kosa.

Lakini je, mtu asiyetamka uongo, bali azitumia kanuni zenyewe kujipatia asichostahili? Mwaka 2013 tawi la benki ya JPMorgan lilishitakiwa kwamba lilitaja bei za hasara sokoni, makusudi lipate malipo yaliyowekwa kufidia gharama za wenye mitambo. Lilikubali kutoa dola milioni 410, bila kukiri kosa wala kulikana.

Wafanya biashara hulalamika kwamba sheria pana hivi haiwaonyeshi mpaka ulipo. Neno lao lina uzito, ila hatulikubali lote. Sheria ikiorodhesha hila moja moja, hila ya kesho haimo katika orodha. Afadhali kuuliza: je, angeuza hivi kama faida yake ingetoka katika mauzo haya peke yake? Jibu halipatikani upesi. Tarakimu huonyesha hasara, hazionyeshi nia. Ndiyo maana wachunguzi husoma barua na kusikiliza simu.