SOMO: MKONO WA MWENZAKO KAZINI

Lengo la somo: Kusaidia jamaa zilizohama, jamaa zilizozipokea na viongozi wao waone jinsi kundi la kazi linavyoweza kulinda moyo na akili ya mtu, au kuviumiza.

1. Hali yetu

Katika Bagira tunaishi pamoja na watu waliokimbia vijiji vya Walungu, Kalehe na Shabunda. Wengi hawako kambini. Wanakaa kwa jamaa au wamepanga chumba. Mwezi wa Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Mabenki yalifungwa, kiwanda cha Bralima kiliporwa, na wenyeji wengi walipoteza mshahara.

Hivyo mwenyeji aliyepoteza mshahara na mgeni aliyepoteza shamba wanakutana kwenye kazi ileile: kubeba mizigo, kuponda mawe, kuuza makala, kufulia watu nguo. Hapo maneno yanaanza: "Hawa wageni ndio wanatuharibia bei."

2. Mfano

Tuchukue mfano wa mama mmoja aliyejiunga na kundi la wabeba mizigo. Wenzake walimwita "mkimbizi" tu. Likirimba walimkatalia, wakisema kesho atarudi kwao. Usiku hakulala, mchana alishtuka kila pikipiki ilipopita. Siku moja alitupa mzigo chini na kumtukana mteja. Kundi likataka kumfukuza.

Mama mmoja mzee akaomba wangoje. Alimuuliza jina la mtoto wake wa kwanza, na tangu siku ile akamwita kwa jina hilo, kama wamama wengine. Baadaye wakamwingiza katika likirimba kwa fungu dogo. Hakupona kwa siku moja. Lakini alipougua, kulikuwa na mtu wa kuuliza: "Leo yuko wapi?"

3. Tunajifunza nini?

Kazi haitupi chakula tu. Inatupa pia watu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huzuni kubwa na wasiwasi hupoteza siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka duniani. Lilitaja pia mambo yanayoumiza akili kazini: mzigo kupita kiasi, kubaguliwa, kukosa sauti na kukosa msaada wa wenzako. Mambo hayo hayako ofisini tu. Yako sokoni na kwenye mawe pia.

4. Viongozi wafanye nini?

• Kila mtu aitwe kwa jina lake. "Mkimbizi" si jina.
• Kundi lipatane bei moja na zamu moja kwa wote, mgeni na mwenyeji. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.
• Katika likirimba, mgeni awekwe katikati ya zamu. Akiwa wa kwanza, kundi litaogopa kwamba atahama na pesa. Akiwa wa mwisho, ataogopa yeye.
• Mtu akikosa siku mbili, wawili waende kumsalimia nyumbani.
• Tufuate hatua tatu za msaada wa kwanza wa moyo: tazama, sikiliza, unganisha. Usimlazimishe mtu asimulie yaliyompata. Akisimulia, usiyapeleke sokoni.
• Mtu akisema anataka kufa, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akiacha kula, asiachwe peke yake. Apelekwe kwenye kituo cha afya. Hapa Bukavu kuna pia SOSAME, kituo cha Mafrere wa Charité kinachotibu magonjwa ya akili. Huo ni ugonjwa kama malaria. Si aibu wala uchawi.

Tukumbuke pia: urafiki haujazi sufuria. Kundi linalompenda mtu lakini linampa mizigo mizito kuliko wengine bado linamuumiza.

5. Maswali ya kujadiliana

a) Katika kundi lenu la kazi, nani haitwi kwa jina lake? Kwa nini?
b) Mgeni anaingiaje katika likirimba yenu? Sheria hiyo ni ya haki?
c) Mwenyeji aliyepoteza kazi ana uchungu gani? Nani anamsikiliza?

Kazi ya juma hili: Kila mmoja amtembelee mwenzake wa kazi ambaye hajawahi kufika kwake. Asiende kuhoji, aende kuketi naye. Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.