Sadaka na Uso wa Mpokeaji



Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa masomo ya Kiislamu. Muhula huu nimechukua pia falsafa za dunia na ustawi wa jamii. Wengine mmeniuliza Mengzi wa Uchina ana nini cha kumfunza Muislamu. Nami nilijiuliza hivyo hivyo, hadi nilipoikumbuka Ramadhani iliyopita.

Kikundi chetu kilipeleka unga, sukari na maharage katika kijiji kimoja nje ya mji wa Mbale. Bibi mmoja mjane alipoitwa mbele tulimshikisha mfuko, tukamzunguka, nami nikainua simu nipige picha. Akajifunika uso kwa leso. Nikamwambia, "Bibi, tazama huku kidogo." Akatazama. Picha ile nilikuwa nayo mpaka juzi.

Mengzi, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Nabii Isa (a.s.), anatoa mfano wa mtu anayekaribia kufa kwa njaa. Bakuli moja la chakula litamwokoa, lakini akipewa kwa kukemewa hatalipokea. Na chakula kikikanyagwa kwanza, hata ombaomba atakikataa. Niliposoma hapo nikafungua Suratul Baqara, aya ya 263 na 264, zinazotuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Kant wa Ujerumani naye, katika kitabu chake cha maadili cha 1797, anaona kwamba msaada humfanya maskini ajione mdogo, kwa hiyo ni wajibu wetu kumkinga na fedheha, tutoe kana kwamba tunamlipa haki yake.

Aliyenishika hasa ni Imamu Ghazali (Allah amrehemu). Katika Ihya, kitabu cha zaka, anawataja watu wema waliokuwa wakikunjua kiganja chenye sadaka ili maskini achukue mwenyewe, mkono wake uwe juu. Tena anasema kutoa hadharani kunaweza kumvunjia maskini sitara yake, kwani huenda hapendi kuonekana mhitaji. Na Ihya ilikuwa rafuni chumbani kwangu mwaka mzima!

Najua mtasema wafadhili wanataka ushahidi, na aya ya 271 inaruhusu sadaka ya dhahiri. Ni kweli, na kutoa wazi huwavuta wengine nao watoe. Ila inayodhihirishwa hapo ni sadaka, si uso wa mpokeaji. Katika ustawi wa jamii tunafundishwa kuomba idhini kwanza. Lakini bibi aliyeshikishwa mfuko wa unga mbele ya vijana 15 atakataaje? Orodha ya vitu, saini ya imamu wa msikiti na picha ya magunia kabla ya kugawa vinamtosha mfadhili. Pendekezo hilo nimeshalipeleka kwenye kamati yetu, na mhariri nimemwomba asiweke picha yoyote ya ugawaji kando ya makala hii.