SOMO LA BIASHARA: Brashi za rangi ya macho, faida hupimwa kabla ya safari

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya brashi za kupakia rangi ya macho, msemo huo unaweza kumponza mfanyabiashara. Ndani ya pakiti yake ya nailoni, brashi mbovu hung'aa sawa na brashi bora. Tofauti hujitokeza baada ya kuoshwa mara mbili au tatu, wakati muuzaji wa jumla wa Kariakoo au Arusha ameshapokea fedha zake na lawama zimebaki kwa mwenye duka.

Kwa muuza duka wa Endulen, kijiji kilicho ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, tatizo hilo ni kubwa zaidi. Mzigo wake hutoka Arusha, hupita Karatu na lango la Lodoare, kisha huingia katika njia ya vumbi. Kurudisha bidhaa mbovu si jambo la kufikiria, kwani nauli pekee itamaliza faida. Aidha, wateja wake, wakiwamo wauguzi, walimu na mabibi harusi, ni watu wanaofahamiana. Brashi moja ikinyonyoka, habari husambaa.

Ifuatayo ni hesabu ya mfano. Mfanyabiashara ananunua brashi 60 za bei ya chini kwa sh. 1,500 kila moja, na usafiri unamgharimu sh. 12,000. Jumla ni sh. 102,000. Akiuza zote kwa sh. 2,500 atapata sh. 150,000, yaani faida ya sh. 48,000. Lakini brashi 15 zikiharibika na akalazimika kurudisha fedha, mauzo yatashuka hadi sh. 112,500 na faida itabaki sh. 10,500 tu.

Mwenzake ananunua brashi 60 bora kwa sh. 2,200 na kulipa usafiri ule ule. Gharama yake ni sh. 144,000. Akiuza kwa sh. 3,200, na mbili zikawa mbovu, atapata sh. 185,600 na faida ya sh. 41,600. Mtaji umekuwa mkubwa zaidi, lakini faida imelindwa.

Namna ya kuchagua

Mnunuzi hana budi kufungua pakiti chache na kuzipima palepale dukani. Kwanza, avute nywele taratibu kwa vidole. Unywele mmoja au miwili si hoja, lakini zikitoka kwa mafungu aiache. Pili, ashike pete ya bati inayounganisha nywele na mpini, aizungushe. Ikicheza, gundi ni dhaifu. Tatu, apitishe brashi juu ya ngozi ya mkono au kope iliyofumbwa. Ikichoma, haifai jichoni.

Nywele ni za aina mbili. Za wanyama, hasa mbuzi na kindi, hushika vizuri rangi ya unga. Za kutengenezwa kiwandani hufaa zaidi rangi ya mafuta, huoshwa kwa urahisi na hukauka haraka. Kwa mahali penye shida ya maji, hizi za kiwandani ndizo zenye usumbufu mdogo kwa mteja.

Si lazima kubeba seti ya brashi 12. Tatu zinatosha: bapa ya kubandika rangi kwenye kope, yenye nywele ndefu laini ya kusambaza kingo zisionekane, na ya mshazari ya kuchora wanja. Mteja afundishwe kuchovya kidogo, kukung'uta unga uliozidi, kisha kuongeza rangi polepole.

Jicho ni mali ya mteja

Suala la afya halitenganishwi na biashara hii. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ndio unaoongoza duniani kwa upofu utokanao na maambukizi, na wilaya za wafugaji kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro ikiwamo, zimesumbuliwa nao kwa muda mrefu. Vijidudu vyake husafiri kwa vidole, vitambaa na nzi waliogusa majimaji ya macho na pua. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1995, ulionesha kuwa watoto waliodumishwa na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Aidha, mwanzoni mwa mwaka 2024 Wizara ya Afya ilitoa tahadhari kuhusu mlipuko wa macho mekundu nchini.

Kwa hiyo, brashi inayopita jicho hadi jicho haina tofauti na kitambaa cha kufutia uso kinachotumiwa na nyumba nzima. Kanuni ni mtu mmoja, brashi yake. Saluni inayopamba maharusi iwe na brashi za kutosha na isirudie moja kabla ya kuiosha na kuikausha. Mwenye macho mekundu asipakwe rangi. Aelekezwe hospitali.

Kuosha hakuhitaji ndoo. Kikombe cha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo vinatosha. Ncha ielekezwe chini, na maji yasifike kwenye pete, kwani huyeyusha gundi na kuvimbisha mpini wa mti. Kisha brashi ilazwe kwenye kitambaa safi, isisimamishwe. Kwa baridi ya nyanda za juu, ni vema kuosha asubuhi ili ikauke kabla ya jioni, na kuitunza ndani ya kopo lenye kifuniko kuepuka vumbi na nzi.

Mfanyabiashara anayeeleza hayo wakati wa kuuza hapotezi muda. Brashi moja iliyodumu mwaka mzima huleta wateja wengine, na brashi moja iliyoleta maradhi huweza kufunga duka.